Tulimtafuta Mzee Ngeu Kivinje

Baba,

Nimekasirika. Nimekaa siku nne nikingoja hasira ipungue ili nikuandikie kwa adabu, lakini haipungui, na karatasi ya kwanza nimeshaikunja na kuitupa. Basi nakuandikia hivi hivi. Shikamoo kwanza. Najua huwezi kuitikia, ila sijazoea kuanza kusema na wewe bila shikamoo.

Hasira yenyewe ni ya ukuta wa mbele.

Unakumbuka ulivyouacha. Ulipaka kuanzia pembe ya kwa jirani mpaka kwenye fremu ya mlango, ukashuka ngazini, ukasema kifua kinabana, unakwenda kujinyoosha kidogo. Upande wa kulia ungeumalizia kesho. Hiyo kesho tukaenda nayo hospitali, tukarudi nayo, tukaenda nayo tena, na mara ya mwisho tukarudi bila wewe. Tangu siku hiyo nyumba yetu ina sura mbili. Kushoto kuna rangi yako mpya, ile inayofanana na ndani ya pera lililoiva. Kulia kuna ya mwaka juzi, imepauka, imechubuka, na saruji inaonekana. Watu wa mtaa wakimwelekeza mgeni siku hizi wanamwambia, "Nenda mpaka uone nyumba iliyonyolewa upande mmoja." Mama akisikia hucheka kidogo. Mimi sicheki.

Nikupe habari za nyumbani. Dada Saumu ameposwa. Mchumba wake ni mwalimu wa shule ya msingi kule Yombo, mpole, anakula polepole kama ulivyokuwa unakula wewe, mpaka Mama amemzoea kwa sababu hiyo tu. Harusi ni mwezi ujao. Na unajua kwetu, kabla ya sare, kabla ya kadi, nyumba lazima ipakwe rangi, kwa sababu picha zote hupigwa barazani. Baba Mdogo Hamisi ndiye anayesimamia shughuli badala yako. Anajitahidi, sitaki kumsengenya kwako. Lakini alikuja na ndoo tatu, mbili za rangi nyeupe na moja ya kijivu, akazipanga barazani kama mtu aliyeleta zawadi.

"Mji mzima sasa hivi ni nyeupe na kijivu," alisema. "Hii yenu mie nikipita naona kama bucha."

Nikamwambia, "Baba Mdogo, hii ni rangi ya Baba."

"Sawa, ya Baba. Baba ndiye aliyekuwa anaichanganya. Sasa nani anaijua? Wewe unaijua?"

Hapo ndipo hasira ilipoanza, na haikuanza kwa Baba Mdogo. Miaka yote hiyo nilikuwa nakushikia ngazi. Nilikuoshea brashi, nilikuletea chai, nilikufukuzia kuku wasiparue kwenye rangi mbichi. Sikuangalia hata siku moja unatia nini kwenye debe. Na wewe hukuniita hata siku moja ukasema, Mwanaidi, njoo uone. Ulikuwa unasema, "Nenda kasome wewe, rangi itakusubiri." Nimesoma, Baba. Nimefika kidato cha tatu na Kiswahili nina A. Rangi haikunisubiri.

Mama ndiye aliyekumbuka debe. Tulilikuta kwenye stoo ya uani, nyuma ya magunia. Ndani rangi ilikuwa imekauka na kupasuka kama tope la bwawa. Juu ya mfuniko ulikuwa umekwangua kwa msumari, kwa zile herufi zako kubwa: NGEU KIVINJE 2. Chini yake palikuwa na maneno mengine lakini kutu imeyala yote. Nilisugua kwa mchanga, nikasugua kwa ndimu, hayakutokea.

Tukakaa barazani watatu kufanya mkutano wa mfuniko.

Baba Mdogo alisema, "Huyu Ngeu ni mtu. Muuza rangi. Mbili ni nyumba namba mbili, au duka namba mbili."

Mama akasema, "Au ni jina la utani. Huko kwenu kila mtu ana jina la utani."

Unajua Mama ni wa Morogoro, Kivinje alikwenda mara mbili tu, zote msibani. Na Baba Mdogo amezaliwa hapa hapa Temeke, ni wewe peke yako uliyekuja mkubwa. Kwa hiyo hakuna aliyekuwa na la kubisha. Mimi nikachukua daftari, nikaandika juu kabisa, kwa mwandiko mzuri: Kumtafuta Mzee Ngeu. Hilo neno Mzee niliongeza mwenyewe. Niliona si adabu kumwita mtu mzima jina tupu.

Baba Mdogo alikuwa na safari ya Kivinje Alhamisi, kupeleka habari ya harusi kwa Shangazi. Nikamwomba tufuatane, maana shule ilikuwa imefungwa Jumatano na Alhamisi kwa sababu ya maji kuingia madarasani. Akakubali, lakini akaweka sharti mbele ya Mama: "Mkimpata huyo Ngeu wenu akatupa rangi, sawa, mie sina neno. Msipompata, Jumamosi asubuhi fundi anaingia na nyeupe. Na sitaki kilio."

Tuliondoka alfajiri kwenye Noah yake, Mama mbele, mimi nyuma na kapu la maandazi. Mvua ilitukuta Mbagala na haikutuacha. Nilikuwa nimebandua kipande cha rangi yako ukutani, ukubwa wa ukucha, nikakitia kwenye mkebe wangu wa hisabati kati ya bikari na kipimapembe. Nilipanga kukilinganisha na kila ukuta mwekundu tutakaoupita, maana ulizoea kusema hiyo ni rangi ya kwenu. Nikawaza kwamba tukizidi kwenda kusini, kuta zitazidi kufanana na wetu, mpaka tufike kwa mwenyewe Mzee Ngeu.

Nilikuwa nimewaza vibaya.

Kwanza, kutoka Mbagala mpaka kupita Kongowe nyumba za barabarani si nyumba, ni matangazo. Kampuni hii imepaka nyekundu, ile imepaka bluu, nyingine njano, na majina yao makubwa juu. Unaona tangazo lenye mlango, na mtu amekaa mlangoni anachambua mchicha. Mkuranga zikaanza bati za msauzi, za kijani, za bluu, za rangi ya damu ya mzee, zinang'aa kwa mvua juu ya matofali ambayo hayajapigwa lipu. Ungezicheka. Ulikuwa unasema watu siku hizi wananunua kofia kabla ya shati.

Baada ya Kibiti mambo yakabadilika, na hapo ndipo nilipotaka kulia. Zilikuwa nzuri, Baba. Kulikuwa na nyumba ya udongo ambayo chini imepakwa nyeusi, kisha mstari mweupe, kisha udongo wa manjano mpaka juu, mistari imenyooka kabisa na ninajua hakuna aliyetumia rula. Kulikuwa na msikiti mdogo wa kijani wenye ncha za njano. Nyingine wamebandika vitako vya chupa kuzunguka dirisha, vya kijani na vya kahawia, na taa ilikuwa inawaka ndani kwa sababu ya giza la mvua, vikawa vinawaka vyote. Nyingine mwanamke alikuwa amechora maua ukutani kwa majivu na udongo mwekundu, na mvua ilikuwa inamfutia maua yake mbele ya macho yake. Alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni, anayatazama.

Nilitaka tusimame pale. Nilisema, "Baba Mdogo, dakika moja tu."

"We Profesa, tumekuja kualika watu au kuhesabu nyumba?"

Hakusimama. Hakusimama popote. Na kioo kilikuwa kinapiga ukungu. Nafuta kwa mtandio, nikimaliza kufuta nyumba imeshapita, naona mgongo wake tu. Nilikuwa nageuka kama mtu anayefukuza nzi. Na kile kipande changu hakikufanana na kitu chochote. Kila ukuta mwekundu ulikuwa umekoza zaidi, wa kahawia, wa matofali, wa chai ya rangi. Mpaka tunakaribia Rufiji nilikuwa nimejaza kurasa mbili za daftari na neno moja: siyo, siyo, siyo.

Halafu nikakumbuka sauti yako. "Ukuta uliolowa unadanganya. Subiri ukauke ndipo uuamini." Kuta zote za mkoa mzima zilikuwa zimelowa, Baba. Nilikuwa nahoji waongo tangu asubuhi. Nilifunga mkebe kwa nguvu mpaka Mama akageuka kunitazama.

Mbele ya Rufiji maji yalikuwa yamepita juu ya barabara, magari yakapanga foleni. Tulingoja zaidi ya saa moja. Mama mmoja alikuwa anauza korosho kwa wanaongoja, mwavuli mkononi. Baba Mdogo akashusha kioo, akanunua, kisha akamuuliza kwa heshima zote kama yeye ni mwenyeji wa Kilwa. Akasema ndiyo.

"Tunatafuta ngeu ya Kivinje, sijui kama unaifahamu," akasema Baba Mdogo. Alikusudia kusema Ngeu wa Kivinje, unamfahamu, lakini alikuwa anatafuna.

Yule mama akatutazama mmoja mmoja, akaanza kucheka. "Ngeu haitafutwi mbali, baba. Gombana na hawa wa lori hapo nyuma, utaipata hapa hapa." Akaondoka akicheka, akamsimulia mwenzake wa gari la pili, na yule naye akacheka.

Baba Mdogo akapandisha kioo. "Watu wa huku wana dharau," alisema. Mimi nilikuwa nimemkasirikia yule mama safari nzima iliyobaki. Nilimwona mtu mzima asiye na staha, anamtania mzee wa watu.

Tulifika Kivinje baada ya adhuhuri na manyunyu. Hukuniambia, Baba. Ulisema "kwetu ni kijiji tu." Hukuniambia kwamba kuna majumba ya mawe ya ghorofa yasiyo na paa, miti imeota ndani na kutoa matawi madirishani kama watu wanaochungulia. Hukuniambia kuna milango ya nakshi imesimama peke yake na nyuma yake hakuna nyumba. Na nyumba wanazoishi watu, ambazo zimebanduka, zinaonyesha walizowahi kuvaa: juu kijani, chini yake njano, chini yake bluu ya nili, na ndani kabisa, karibu na jiwe, nyekundu. Nilisimama mbele ya moja nikazihesabu rangi, ni kama mtu aliyevaa kanga nne. Mama alisema nitaugua kwa mvua. Nilikuwa nimeshalowa, isingekuwa na tofauti.

Kwenye njia ya kwenda kwa Shangazi nikaiona nyumba ya chini, ndogo, ya baraza, nyekundu. Imelowa kama zote. Lakini juu kabisa, chini ya upenu, palikuwa na ukanda mkavu upana wa kiganja, ambako mvua haifiki. Nilipanda barazani bila hodi. Najua ni kosa. Nikafungua mkebe, nikanyanyua kipande chako juu kwa ncha ya bikari, nikakiweka pale.

Kilipotea. Nilikuwa nimekishika lakini siwezi kukiona. Ni ile ile, Baba.

Nikapiga kelele ya kumwita Mama, na mlango ukafunguka. Kumbe ni nyumba ya fundi seremala, na barazani upande wa pili alikuwa amekaa mama wa vitumbua ambaye wanamwita Bi Zena, na karai lake. Nikasema shikamoo zote kwa pamoja. Wakaitikia marahaba, wananitazama mimi na bikari yangu.

Baba Mdogo akafika, akasalimia, akajitambulisha vizuri, ni mdogo wake marehemu Salumu fundi rangi wa Temeke, akataja na jina la babu. Wakakukumbuka. Bi Zena alisema, "Salumu aliyekuwa na mguu mrefu?" Nadhani ulikuwa wewe. Wakatupa pole. Halafu Baba Mdogo akasema neno ambalo sitalisahau mpaka nizeeke.

"Tuna shida na Mzee Ngeu. Tumeambiwa yupo hapa hapa Kivinje, nyumba namba mbili."

Fundi akamtazama Bi Zena. Bi Zena akaweka mwiko chini.

"Mzee Ngeu?" akasema fundi, taratibu, bila kucheka. "Yupo. Hajawahi kusafiri."

"Tunaweza kumwona?"

"Mnamkanyaga."

Baba Mdogo alinyanyua kiatu, Baba. Alinyanyua mguu mmoja akatazama chini, kweli, kama mtu aliyekanyaga mtoto. Bi Zena alicheka mpaka akajifuta macho kwa upindo wa kanga. Fundi akaingia ndani, akatoka na kamba iliyopakwa vumbi jekundu. Akaivuta juu ya ubao, akaiachia ikapiga, pa! Ukabaki mstari mwekundu ulionyooka. "Hii ndiyo ngeu," akasema. "Udongo mwekundu. Maseremala tunapigia mstari. Watu wanapaka nyumba wakichanganya na chokaa. Na mtu akipasuka kichwa ile damu nayo tunaiita ngeu. Dar hamna maneno haya?"

Hatuna. Au tunayo na hakuna aliyetupa.

Mama alicheka mpaka akakaa chini. Ni mara ya kwanza kumwona amecheka hivyo tangu ulipoondoka, na nilipaswa kufurahi, lakini mimi nilikuwa nawaka. Niliandika Mzee kwa mkono wangu. Niliporudi shule nilikwenda maktaba nikafungua kamusi, na neno lilikuwa pale pale kwenye ukurasa wake, limekaa limetulia. Ningelifungua siku ile ya mfuniko ningelipata. Sikulitafuta kwa sababu nilidhani ni jina la mtu, na hakuna anayemtafuta mtu kwenye kamusi. Wewe ulijua neno hilo miaka yote. Ulilishika mkononi kila mwaka kabla ya Idi, mita tatu kutoka kwenye daftari langu la Kiswahili. Ungesema tu. "Mwanaidi, lete ngeu." Maneno matatu. Ulisema kila mara, "Lete ile."

Nikamuuliza Bi Zena kuhusu ile mbili. Mbili za nini, kwa chokaa kiasi gani? Akafikiri. "Makopo mawili labda. Au vibakuli. Mama yangu alikuwa akipima kwa kifuu. Ni kama chumvi ya mchuzi, mwanangu, kila mtu ana mkono wake." Fundi hakujua. Shangazi naye, tulipofika, hakujua. Yeye alitaka kujua zaidi kuhusu bwana harusi. Aliyejua mkono wako ulikuwaje ni wewe peke yako.

Tulichimba kwenye ngema, ule ukingo wa udongo uliosimama nyuma ya nyumba ya Shangazi, tukajaza mfuko wa salfeti. Baba Mdogo alilalamika njia nzima ya kurudi kwamba gari litanuka tope. Lakini mfuko aliubeba yeye, sikumwomba.

Ijumaa nilipotoka shule nilianza kujaribu kwenye ukuta wa uani. Nilitia makopo mawili ya ngeu na matano ya chokaa, na kikombe cha chumvi, kwa sababu chumvi hiyo Mama anakumbuka ulikuwa unamwomba jikoni. Nikapaka. Ilikuwa ile ile! Nilimwita Mama, nilimwita Dada Saumu, niliruka. Tukaingia kula. Tulipotoka ukuta ulikuwa umekauka, na rangi ilikuwa kama maziwa yaliyodondoshewa chai. Nilikuwa nimefananisha ikiwa mbichi. Nilijua kwamba ukuta uliolowa unadanganya, nimelikumbuka mwenyewe kule Rufiji, na bado ulinidanganya nyumbani kwangu. Sijui kuna faida gani ya kukumbuka kitu kama mikono haikikumbuki.

Nikatia matatu. Mvua ikanyesha ikaosha kabla haijakauka, kwa hiyo sijui matatu yangekuwaje.

Jumamosi saa mbili fundi rangi wa Baba Mdogo alifika na rola yake na kofia ya gazeti. Baba Mdogo akanitazama. "Haya Profesa, siku imefika."

Nilisema, "Naomba mpaka adhuhuri."

"Mvua je?"

"Naomba hiyo mvua nayo iningoje."

Mama alikwenda kuchukua ngazi uani, akaiegemeza upande wa kulia, akaishika kwa mikono miwili. Basi nikapanda. Nilitia manne, kwa woga wa ile iliyopauka. Fundi alikaa barazani na chai akinitazama. "Binti, unapaka au unafanya mtihani?" alisema. Baadaye akasema, "Chuja kwa kitenge, ina mabonge hiyo." Baadaye tena akaja mwenyewe akanishikia debe. Nilipaka toka juu kwenda chini kama wewe, nikazunguka dirisha, nikafika kwenye fremu ya mlango kwa upande wangu wakati adhana ya adhuhuri inaanza. Na jua likatoka, Baba, baada ya siku sita.

Tulikaa ng'ambo ya barabara kungoja ikauke.

Siyo.

Ni nyekundu mno. Yako ni pera, yangu inakaribia maini. Ukisimama mbele unaona kabisa mahali ulipoishia na mahali nilipoanzia, fremu ya mlango ndiyo mpaka. Nyumba bado ina sura mbili. Nilikaa juu ya ile ndoo ya kijivu nikalia kwa hasira, na hakuna aliyenikataza. Nililia kwa sababu nimekwenda mpaka Kivinje na kurudi, nimelijua neno, nimeuleta udongo wenyewe, na bado sijafika ulipo.

Baba Mdogo alisimama katikati ya barabara muda mrefu, mikono nyuma. Bodaboda zilikuwa zinampigia honi na hasogei. Alitazama kushoto, akatazama kulia, akarudi kushoto. Mwisho akamwambia fundi, "Chukua hiyo nyeupe kapake uani. Na vyumbani. Huku mbele basi." Fundi akauliza na hii ya kijivu je. "Chooni," akasema. Kisha akanigeukia, "Mie sijasema nimeipenda." Halafu akaingia ndani haraka, akijifanya anatafuta simu.

Kwa hiyo Dada Saumu atapigwa picha kwenye baraza lenye rangi mbili. Amesema atasimama mlangoni, katikati.

Sasa nakaribia mwisho wa karatasi, na hasira bado ipo, lakini nimeshajua ni ya nini hasa. Sikukasirikii kwa kufa. Hilo halikuwa lako. Nakukasirikia kwa kunihurumia. Ulidhani rangi itanichafua, ukaniweka mbali na debe ili niwe msomi, na sasa mimi ni msomi asiyejua baba yake alikuwa anafanya nini. Ungeniacha nichafuke kidogo.

Nimechukua debe jipya. Nimeandika juu ya mfuniko kwa msumari, na humo ndani nimetia karatasi nyingine kwenye mfuko wa plastiki kutu isije ikala: ngeu, yaani udongo mwekundu wa Kivinje, makopo manne ya nusu lita, chokaa makopo matano, chumvi kikombe kimoja, chuja kwa kitenge, usifananishe mpaka ikauke. Imekuwa nyekundu mno. Nimeweka na tarehe. Mtu yeyote atakayelifungua, hata kama ni mtoto wa Dada Saumu ambaye hajazaliwa, hatakwenda kumuulizia mzee.

Nakuaga hapa, Baba. Mwenyezi Mungu akuwekee wepesi huko uliko, na akupe nafasi pana. Mama anakusalimu, anasema tumbo la kucheka bado linamuuma. Ninakuahidi nitapaka kila mwaka kabla ya Idi, pande zote mbili, wako na wangu, na sitaruhusu mtu aseme niende nikasome kwanza. Nitasoma nikishuka ngazini.

Mwaka ujao nitapunguza kopo moja.

Mwanao,
Mwanaidi